Paka wa Kilo Saba Aitwe Nani?

Barua za wasomaji wa Arusha na Moshi safari hii zimekuwa za paka wakubwa, wenye akili, ambao familia zao hazijakubaliana jina. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, maana ndani yake mna mengi wanayouliza wengine.

SWALI: Habari za kazi wahariri. Jirani yetu aliyehama nchi ametuachia paka dume wa miaka miwili. Ana manyoya marefu, nywele zinachomoza kwenye ncha za masikio, na ana kilo saba. Wanasema ni Maine Coon. Anafungua mlango kwa kurukia kitasa, na kabati la dagaa ameshalijua. Mwenyewe alikuwa akimwita Maximilian. Baba watoto anataka aitwe Kilimanjaro, watoto wanataka Simba, bibi yao anamwita Shume. Tumwite nani?
*Mama Watatu, Njiro, Arusha*

JIBU: Mama Watatu, jina la paka ni mlio kwanza, sifa baadaye. Paka hajui maana ya Kilimanjaro. Anachokijua ni kwamba sauti fulani, ikitoka kinywani mwa mtu fulani, huleta jambo jema. Basi chujeni majina kwa sikio lake kwanza, halafu yale yanayobaki mchague linalowapendeza ninyi.

Tuanze na la baba. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Jina la silabi mbili linapata nguvu tangu mwanzo: ME-ru, KI-bo, JA-ji. Kilimanjaro lina silabi tano, na mkazo wake unafika kwenye ya nne. Haitapita wiki kabla watoto hawajalikata kuwa Kili, bibi akasema Manjaro, na baba akabaki na lake zima. Paka atasikia majina matatu yasiyofanana, na hakuna hata moja litakalorudiwa vya kutosha ashike. Kama moyo wa baba uko mlimani, zipo njia fupi: Kibo, kilele chenye mita 5,895, au Mawenzi, chenye mita 5,149. Na kwa kuwa mko Njiro na mlima mnaouona kila asubuhi ni mwingine, Meru linafaa zaidi. Paka wa aina hii wenyewe wamebeba jina la mahali, jimbo la Maine kule Marekani, ambalo mwaka 1985 lilimfanya kuwa paka rasmi wa jimbo. Akihamia kwenu na kupewa jina la mlima wenu, haki imetendeka.

Simba halina kasoro ya mlio. Kasoro yake ni wingi. Kwanza, ukisimama mlangoni jioni ukaita Simba, huenda wakaja wa nyumba tatu. Pili, siku ya mechi ya Simba na Yanga jina hilo hupigiwa kelele mtaa mzima, na paka wako hapati hata dagaa mmoja. Sauti inayosikika mara nyingi bila kuleta kitu, paka huizoea na kuipuuza, hata kama ni jina lake.

Bibi naye ana hoja, kwa sababu shume ni paka dume mkubwa. Tatizo ni kwamba watu wengi wakisikia paka shume wanamfikiria mwizi wa vifaranga, na jiwe huwa halicheleweshwi. Paka anayetoka nje asipewe jina linalomtafutia maadui. Tena silabi ya mwanzo inakaribiana mno na ile "shuu!" tunayofukuzia kuku.

Hapo pana kanuni inayosahaulika sana: linganisheni jina na maneno mnayomwambia paka kila siku. Mkisema "toka", "shuka" na "acha" mara ishirini kwa siku, basi Tosha, Shuba na Kacha si majina mazuri. Halafu mjaribu jina kwa namna mtakavyoliita kweli. Sisi tukiita kwa mbali tunavuta irabu ya mwisho: Meruuu! Nendeni uani jioni, kila mtu aite mara moja. Jina ambalo bibi na mtoto wa miaka mitano wanalitamka sawa ndilo lenye nafasi.

Kwa paka mkubwa na mwerevu lugha yetu ina hazina, na tunasikitika kuona wengi wakikimbilia majina ya wahusika wa katuni. Kuna Gwiji, Nguli, Jaji na Jitu, yote ya silabi mbili. Silabi tatu nazo zinakubalika: Jabali, Hodari, Kifaru, Kiboko, Profesa. Anayependa ngano anaweza kumwita Abunuwasi, ila akubali kwamba kila siku ataitwa Nuwasi, na hilo Nuwasi ndilo lifundishwe. Lengai tusingelitumia, hasa Arusha. Kwa majirani zenu Wamasai na Waarusha neno hilo lina jina la Mungu ndani yake.

Sasa jambo linaloamua kwenu. Paka wenu ana miaka miwili, na hiyo yote ameitwa Maximilian. Jina analo, kwa hiyo msianze sifuri. Mwombeni jirani awatumie ujumbe wa sauti akimwita kama alivyozoea. Uchezeni simu ikiwa chumba cha pili, mmoja wenu ayaangalie masikio. Yakigeuka, mjue ameshika jina la zamani, na mchague jipya linaloanza kama lile. Makini lina "mak" ileile ya mwanzo na irabu "i" ileile katikati, na linamfaa paka aliyechunguza kitasa mpaka akakifungua. Hilo ndilo pendekezo letu, Meru likifuatia.

Kubadilisha kunafanyika hivi. Kwa siku saba hadi kumi, kabla ya kila mlo, semeni jipya kwanza, la zamani lifuate: "Makini, Maximilian," kisha weka chakula. Mpangilio huo usigeuzwe. Jipya likitangulia, linakuwa habari kwamba jambo analolijua linakuja. Likifuata nyuma halimwambii kitu, maana ameshageuka kwa lile la kwanza. Baadaye acheni la zamani.

Na kilo saba kwa dume wa aina hiyo si unene. Wengi hufika kilo sita hadi nane au zaidi, na huendelea kukua mpaka miaka mitatu, hata mitano. Pitisha vidole ubavuni: mbavu zisikike chini ya ngozi bila kukandamiza. Zisiposikika, punguza chakula.

SWALI: Paka wetu anaitwa Gwiji, kilo tano. Anafunua sufuria yenye kifuniko kizito, lakini akiitwa haji. Mume wangu anasema paka hawajui majina yao na tunapoteza muda. Ni kweli?
*Mwalimu, Pasua, Moshi*

JIBU: Mwalimu, wanayajua. Mwaka 2019 Atsuko Saito na wenzake wa Japani walichapisha utafiti katika jarida la Scientific Reports. Paka walisikilizishwa maneno manne ya kawaida yenye urefu na mkazo sawa na jina lao, kila neno likipishana na jingine kwa sekunde 15, kisha likaja jina lenyewe. Maneno yalivyoendelea, paka wengi waliacha kujali. Jina lilipotamkwa waliamka tena, hata sauti ikiwa ya mgeni. Ila mwitikio ulikuwa zaidi wa masikio na kichwa. Waliolia au kusogea walikuwa wachache. Mume wako anaangalia miguu, na jibu liko masikioni.

Mnaweza kufanya jaribio hilohilo nyumbani. Subirini Gwiji ametulia lakini hajalala. Mmoja akae nyuma ya pazia au mlango ulio wazi kidogo, aseme kwa sauti ileile, bila kupandisha wala kubembeleza: "kiti", kimya sekunde 15, "ndizi", kimya, "shoka", kimya, "mwiko", kimya, "Gwiji". Mwingine aangalie masikio bila kumkazia paka macho. Sikio likigeuka kwa Gwiji baada ya kulala kwa shoka na mwiko, jina limeingia. Msirudie zaidi ya mara moja kwa siku, kwa sababu atachoka na jaribio litadanganya.

Kujua jina ni jambo moja, kuja ni jingine, na hilo la pili hufundishwa. Fanyeni kabla ya mlo, akiwa na njaa kidogo, chumba kikiwa kimya na redio imezimwa. Keti naye karibu. Sema "Gwiji" mara moja tu, na ndani ya sekunde moja au mbili mpe kipande cha chakula anachokipenda. Rudia mara tano hadi nane, kisha acheni. Dakika tatu zinatosha, mara mbili kwa siku. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, sema jina akiwa anaangalia kwingine, na umpe pale tu anapogeuka. Akigeuka kila mara, sogea hatua moja, kisha tatu, kisha nenda chumba cha pili. Kila umbali ukiongezeka, rudisha ukarimu: kipande kikubwa zaidi, sauti ya furaha zaidi. Uani iwe mwisho kabisa, kwa sababu kule kuna ndege, na jina bado ni changa.

Kuhusu kipande chenyewe, chakula cha zawadi kisizidi sehemu moja ya kumi ya mahitaji ya siku. Paka wa kilo tano anahitaji kama kalori 250, basi zawadi ziishie kwenye 25, ambazo ni kama gramu 15 za kidari cha kuku kilichochemshwa. Kikatekate kiwe na ukubwa wa punje ya hindi, utapata vipande vya siku nzima. Usiweke chumvi, na kitunguu au kitunguu saumu kisiguse sufuria hiyo, maana ni sumu kwa paka. Dagaa ni wazuri pia, ila waliokaushwa juu ya mchanga waoshwe vizuri, na wenye chumvi waachwe. Maziwa yaacheni, paka wazima wengi huyaharisha.

Tukikadiria kutokana na barua tunazopata, jina huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuliita mfululizo, Gwiji Gwiji Gwiji, mpaka linakuwa kelele kama za redio. Ya pili ni mbaya zaidi: kumwita ili umpe dawa, umwogeshe au umgombeze kwa sababu ya sufuria. Paka mwenye akili anahitaji mara chache sana kujifunza kwamba jina lake ni onyo. Wakati wa dawa usimwite kabisa. Nenda alipo yeye, umbebe kimya. Na akiwa amefunua sufuria, sema "acha", jina usilitie.

SWALI: Tuna paka wawili, Tito na Kito. Ukimwita mmoja wanakuja wote, au hawaji wote. Shida ni nini?
*Kaloleni, Arusha*

JIBU: Majina yenu yanatofautiana kwa konsonanti moja tu, irabu zote ni zilezile na mkazo uko palepale. Katika utafiti tulioutaja hapo juu, hata paka wa mkahawa mmoja wenye paka wengi walishindwa kutenga jina lao na majina ya wenzao waliokuwa wakiishi nao, pengine kwa kuwa kila jina lililoitwa pale liliweza kumletea yeyote kitu kizuri. Mwacheni aliyezoea zaidi na jina lake, mwingine apewe lenye mwanzo na irabu tofauti kabisa, kwa mfano Tito na Jabali. Mfundisheni kila mmoja peke yake, mlango umefungwa. Mkifika hatua ya kuwaita wakiwa pamoja, anayepewa ni mwenye jina tu, mwenzake asipate.

SWALI: Paka wangu jike ni mweupe pee, macho yote ya bluu, mkubwa kuliko paka wote wa mtaani. Nimemwita majina matano, hajali hata moja. Anafuata kila nifanyacho kwa macho, kwa hiyo si mjinga. Nibadilishe jina tena?
*Soweto, Moshi*

JIBU: Dada, usibadilishe. Huenda hasikii. Paka weupe wenye macho mawili ya bluu huzaliwa viziwi kwa kiwango kikubwa mno, asilimia 65 hadi 85. Mwenye jicho moja la bluu hukaribia asilimia 40, na mara nyingi sikio bovu ni la upande wa jicho hilo.

Mpime akiwa amekupa mgongo, kwenye sakafu ya saruji. Tikisa funguo juu, mita mbili nyuma yake. Usipige mguu chini wala kofi karibu naye, kwa sababu mtikisiko na upepo atavihisi hata kama hasikii, na utadhani amesikia. Rudia siku tofauti. Asipogeuza sikio hata mara moja, mpeleke kwa daktari wa mifugo akamkague, maana nta, usaha na utitiri wa masikioni navyo huziba, na hivyo hutibika.

Kama ni kiziwi, jina lake litakuwa la mkono. Chagua ishara moja usiyoitumia kwa kitu kingine, kwa mfano kufungua na kufumba kiganja mara mbili usawa wa kifua, na uifundishe kwa utaratibu uleule wa Gwiji: ishara, kisha chakula papo hapo. Kumfanya akutazame, gonga sakafu kwa kisigino au washa na kuzima taa. Usiku tumia tochi iliyoelekezwa sakafuni mbele yake, kamwe si machoni. Usimshtue akiwa amelala: weka mkono karibu na pua yake kwanza. Nje asitoke peke yake, kwani bodaboda hataisikia. Jina la kutamka mpe vilevile, la watu kumzungumzia, na hapo una uhuru wote. Hata Kilimanjaro linafaa.

SWALI: Vijana wangu wameokota mtoto wa paka shambani kwenye mahindi. Ana miguu mirefu, masikio makubwa kuliko kichwa, na madoadoa meusi. Ana akili sana. Tunataka jina linalofanana na ukubwa atakaokuwa nao.
*Mkulima, karibu na Usa River*

JIBU: Ndugu mkulima, msimpe jina, na tunaomba mchukue hatua leo. Mliyemwelezea anafanana na mondo, ambaye ni mnyamapori. Angalieni nyuma ya masikio: mondo ana weusi wenye baka jeupe wazi. Mkia wake ni mfupi ukilinganisha na mwili, na akikomaa hufika kilo 8 hadi 18. Kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Mama mondo huficha watoto kwenye majani marefu akaenda kuwinda, kisha hurudi. Mara nyingi mtoto anayeonekana ametupwa hakutupwa. Toeni taarifa mara moja kwa ofisi ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, mweleze ameokotwa wapi hasa na saa ngapi, maana kadiri muda unavyopita ndivyo nafasi ya kumrudisha kwa mama yake inavyopungua. Wakati mnasubiri, mwekeni kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza na kimya, bila watoto kumshika wala kumnywesha maziwa ya ng'ombe. Aliyekwaruzwa au kung'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Pengine mmeona mtandaoni paka wakubwa wenye madoa wanaoitwa Savannah. Hao asili yao ni mondo aliyezalishwa na paka wa nyumbani huko Marekani, wa kwanza akizaliwa mwaka 1986. Si ruhusa ya kumfuga huyu wa shambani.

SWALI: Babu yetu alikuwa mtu wa busara sana. Paka wetu mkubwa ametulia kama yeye, na tunataka kumpa jina la babu kama heshima. Kuna ubaya?
*Wajukuu, Machame*

JIBU: Kwa nia yenu hakuna, lakini jina la babu kwenye ukoo lina wenyewe: wajukuu waliolirithi na watakaozaliwa. Siku shangazi anasikia jina la baba yake likiitwa pamoja na "shuka mezani", atakayeumia si paka. Chukueni sifa mwache jina: Busara au Hodari. Mangi, cheo cha watawala wa Wachaga wa zamani, pia liacheni, kwa heshima ya wazee, na kwa sababu wenye maduka nao huitwa hivyo: ukiliita barabarani atageuka mwenye duka.

SWALI: Nimechukua mtoto wa paka wa wiki tisa, dume, baba yake ni mkubwa sana. Daktari ataandika jina kwenye kadi ya chanjo. Nikimwita Jabali asipokuwa mkubwa je? Na nikibadilisha baadaye?
*Sakina, Arusha*

JIBU: Ukubwa wa nyayo usikudanganye, tumia mizani. Mtoto wa paka wa kawaida huongeza takriban gramu 100 kwa wiki, hivyo wiki tisa awe karibu na gramu 900, miezi minne kilo 1.8, miezi sita kilo 2.7. Mpime kila wiki siku ileile kabla hajala. Akiwa juu ya mstari huo mfululizo, na mbavu zikisikika, ni mkubwa kweli. Akiwa juu na tumbo limevimba, mpe dawa ya minyoo kwanza ndipo umpime tena. Hakikisha pia jinsia: kwa dume, umbali kati ya matundu mawili chini ya mkia ni mkubwa, na katikati huanza kuonekana uvimbe wa kokwa. Rangi nayo hudokeza. Paka wengi wa rangi ya machungwa ni madume, na wenye rangi tatu karibu wote ni majike.

Kadi isikutie haraka. Kinachomtambulisha paka kwa daktari ni rangi, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na, kama amewekewa chipu, namba yake ya tarakimu 15. Jina linaweza kurekebishwa. Mwambie daktari alikate kwa mstari mmoja, aandike jipya pembeni, atie sahihi na tarehe, lifanane na rekodi ya kliniki. Fanya hivyo kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, inayoanza akiwa na wiki 12, ili cheti kitoke na jina moja. Kwenye kola andika namba yako ya simu, si jina la paka. Chagua kola inayofunguka yenyewe ikinasa kwenye tawi, na uache nafasi ya vidole viwili shingoni. Anakua haraka, kwa hiyo ikague kila wiki unapompima.